Mali Kauli: Asili na Safari ya Maneno ya Biashara katika Kiswahili

Neno biashara limeungwa kwa maneno mawili ya Kiarabu, bai, yaani kuuza, na shiraa, yaani kununua, na ni bai hiyo hiyo ambayo ikisimama peke yake imezaa neno bei. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walifundishwa kufanya biashara na wale waliowaletea neno hilo. Vitenzi vinavyotaja matendo yenyewe, kununua, kuuza, kulipa na kukopa, ni vya Kibantu, na vina uwezo wa kuzaa ambao maneno ya mkopo yameufuata bila kuupita: kutokana na kukopa hupatikana kukopesha, kukopeshana, mkopo, mkopaji na mkopeshaji, hata anayetoa na anayepokea wakatajwa kwa mzizi mmoja, tofauti yao ikiwa ni mnyambuliko tu. Neno gulio, soko la siku maalumu ya juma ambalo bado linaitwa hivyo katika sehemu kadhaa za Tanzania, limetokana na kugula, ambacho ndicho kitenzi cha kununua katika Kizigua na lugha nyingi za jirani. Uchumi nao umetokana na kuchuma, kazi ya mkono unaotoa tunda mtini, na kwanza ulitaja pato la mtu aliyehangaika kutafuta, kabla haujapanuliwa kubeba hali ya mali ya taifa zima.

Juu ya msingi huo yaliwekwa matabaka ya maneno ya kigeni, na kila tabaka linaonyesha ni nani aliyekuwa ameshika mtaji katika zama zake. Anayeyasoma maneno hayo kwa mpangilio wa nyakati atagundua kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa biashara wa Kiswahili haikujengwa kuzunguka fedha taslimu, yaani fedha inayokabidhiwa mkononi papo hapo, bali ilijengwa kuzunguka deni, na pamoja na deni, kuzunguka swali la nani aaminiwe.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliacha maelezo yanayolionyesha swali hilo waziwazi. Chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sinia la chakula lililofunikwa, akalikabidhi kwa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakushukia kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikwisha kuuzoea mji, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, mauzo yake yalihesabiwa kuwa batili. Sinia lile la chakula lilikuwa dhamana, na kijana aliyelibeba alikuwa mlango wa kuingilia sokoni.

Kazi ya mtu wa kati namna hiyo iliitwa udalali, na mwenye kuifanya dalali, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuelekeza au kuonyesha njia. Pamoja nalo yalikuja maneno ya mahali na ya utaratibu: soko, forodha, yaani mahali bandarini pa kupakulia shehena na kutozea ushuru, na mnada, ambao kwa asili ni wito, kwa kuwa bidhaa ilinadiwa kwa sauti hadi apatikane mwenye bei ya juu. Neno zabuni linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu katika Kiarabu zabuni ni mnunuzi mwenyewe, lakini watu wa pwani waliligeuza likawa tendo la kutaja bei mnadani, na leo ndilo jina la utaratibu mzima ambao kampuni hutumia kuomba kazi za serikali, bila sauti ya mtu yeyote. Faida, hasara, bidhaa, thamani, hesabu na deni ni ndugu wa tabaka hilo hilo, na wa kutiliwa maanani zaidi ni rasilimali, neno lililotokana na usemi wa Kiarabu wenye maana ya kichwa cha mali, yaani kile kiini kinachotangulia na ambacho faida hukua juu yake. Katika Kiswahili cha sasa maana hiyo ya asili imechukuliwa na mtaji, na rasilimali imesogezwa kutaja ardhi, maji, madini na hata watu. Msogeo huo una hasara yake, kwani picha ya kichwa na mwili ilieleza uhusiano wa mtaji na faida kwa wepesi ambao vitabu vya uhasibu vya leo huutafuta kwa kurasa nyingi.

Uhasibu wenyewe ulikuwa na chombo chake, daftari, na methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari ni ushahidi kwamba mfanyabiashara wa pwani aliiona kalamu kuwa sehemu ya mtaji. Lakini daftari halichagui kinachoandikwa ndani yake. Maneno yale yale, dalali, mnada, thamani na bidhaa, yalitumika kwa binadamu waliopitishwa mbele ya wanunuzi katika soko la watumwa la Unguja hadi lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na hakuna historia ya kweli ya msamiati huu inayoweza kuyasafisha maneno hayo kwa kuupita ukurasa huo.

Tabaka la pili la kigeni lilitoka Bara Hindi, na lilikuwa nene zaidi katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja na kufanya mikataba ya biashara na mataifa ya mbali. Mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa forodha kuwa asilimia 5, nusu ya kiwango ambacho neno lenyewe linakitaja, kwa kuwa ushuru kwa asili ni sehemu moja ya kumi. Kutoka bandari ya Salem, Massachusetts, ilikuja kwa wingi nguo ya pamba ambayo pwani na bara iliitwa merikani, nayo ikawa kipimo cha thamani ya vitu vingine. Ukusanyaji wa ushuru haukufanywa na watumishi wa Sultani. Ulikodishwa, na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo iliyoukodi ni nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ambayo ililipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka na kubaki na ziada. Aliyekodi forodha alijua kila kilichoingia na kutoka, na kwa kujua hivyo alikuwa pia mkopeshaji, hata wa Sultani mwenyewe.

Haishangazi basi kwamba maneno ya vyombo vya fedha yalitoka kwa Wahindi. Duka, ingawa lina mzizi wa Kiarabu, lilifika pwani kwa midomo yao, likasambaa hadi katika lugha nyingi za bara pamoja na rafu na mizani yake. Bima ni neno lao, na laki, yaani elfu mia, ni tarakimu yao. Hundi ilikuwa barua ya malipo: mfanyabiashara wa Unguja aliandika kwa ndugu au mshirika wake wa Bombay au Mandvi kwamba mwenye barua hiyo alipwe kiasi kilichotajwa, na sarafu hazikulazimika kuvuka bahari yenye dhoruba na maharamia, kwa sababu kilichovuka ni jina lenye kuaminika. Leo hundi ni karatasi ya benki, na jina la mtu limeachia nafasi akaunti, lakini ile amri ya kumlipa mtu mwingine kwa maandishi ndiyo ile ile.

Sarafu nazo zilikuwa za wageni. Fedha kwa asili ni madini, na madini hayo yalionekana zaidi katika umbo la reale, sarafu ya Austria yenye picha ya Maria Theresa na tarehe 1780, ambayo iliendelea kuchapwa kwa tarehe hiyo hiyo vizazi vingi baada ya malkia huyo kufa. Kwa manunuzi madogo zilitumika pesa, sarafu za shaba za Kihindi zilizoletwa kwa wingi katikati ya karne ya 19. Kiswahili kikabaki na jina la madini na jina la sarafu ndogo, yote mawili yakitaja kitu kimoja. Na Mkongo wa mashariki anaposema feza anatamka, bila kukusudia, historia ya fedha hiyo nyeupe ilivyofuata misafara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Misafara hiyo ndiyo iliyoupa msamiati wa biashara sura yake ya Kiafrika Mashariki hasa. Tajiri wa Unguja alimkabidhi msafiri marobota ya nguo, shanga na masango, na msafiri akaondoka bila kulipa chochote, akiahidi kurudi na pembe za ndovu baada ya mwaka, miwili au mitatu. Utaratibu wa kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo, na kulipa baada ya kuuza, una jina la Kiswahili lisilohitaji tafsiri, mali kauli, na kauli hapo ni neno la mtu, lile alilolitamka. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyapata mafanikio yake kwa mikopo ya namna hiyo, hasa kutoka kwa tajiri Taria Topan, na maelezo ya maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yaliyochapishwa na Heinrich Brode katika miaka ya 1902 na 1903, yamejaa hesabu za madeni na frasila kiasi kwamba kwa sehemu yanasomeka kama daftari lililosimuliwa.

Frasila, kipimo cha uzito cha takriban kilo 16, kilipima pembe na karafuu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili. Nafaka ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ilikuwa na vibaba vinne. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti, na mtumba mzima ulihesabiwa kwa majora. Vipimo hivi vingi vimezikwa na kilo na mita, lakini doti imenusurika kwa sababu ya kanga, ambayo hadi leo huuzwa vipande viwili pamoja, na mwanamke anayenunua doti ya kanga hutamka kipimo cha wapagazi bila kuhitaji kujua walikopita.

Maneno mawili ya njiani yamebadilika kiasi cha kutambulika kwa shida. Hongo, ambayo wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliilalamikia katika vitabu vyao vya safari za miaka ya 1850 na 1860, ilikuwa ada ya njia iliyotozwa na watawala wa Ugogo na kwingineko kwa misafara iliyopita katika nchi zao, ikanywa maji ya visima vyao na kula nafaka yao. Wageni waliiona kama unyang'anyi, lakini katika nchi yenye maji machache ada hiyo ilikuwa na mantiki ile ile ya ushuru wa forodha ambao wageni hao hao waliulipa Unguja bila ubishi. Dola za kikoloni zilipojitwalia haki ya kutoza, kilichokuwa halali mkononi mwa mtemi kilipoteza uhalali wake, na hongo ikabaki kuwa jina la malipo ya siri kwa mwenye madaraka. Posho, kwa upande mwingine, ilipanda cheo: ilikuwa mgawo wa chakula wa mpagazi, na sasa ni malipo ya mjumbe wa kikao.

Kibarua nacho ni neno la enzi hizo za mpito. Ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi kwa siku ili kuthibitisha ujira wake, na jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Wengi wa vibarua wa kwanza wa Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliopelekwa na mabwana zao kufanya kazi kwa wengine, na walichopata waligawana na bwana. Likilinganishwa na mshahara, neno linalotokana na jina la Kiarabu la mwezi na linalotaja malipo ya mwezi, kibarua linaonyesha tofauti kati ya aliyehesabiwa kwa mwezi na aliyehesabiwa kwa jua moja. Tofauti hiyo haijafutika katika sheria wala katika maisha.

Deni lililokuzwa kwa muda lilileta suala la riba, yaani nyongeza inayotozwa juu ya mkopo, ambayo sheria ya Kiislamu inaikataza. Mmiliki wa shamba la mikarafuu aliyehitaji fedha kabla ya mavuno aliweza kuweka rehani, yaani kukabidhi mali kama dhamana ya deni, au kufanya bai khiyari, mauzo yenye hiari, ambapo shamba liliuzwa kwa masharti kwamba muuzaji ana haki ya kulikomboa kwa bei ile ile ndani ya muda uliowekwa, na katika muda huo mara nyingi aliendelea kulishika kwa kulipa kodi. Kodi hiyo ilifanya kazi ya riba bila kubeba jina lake. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga haikutungwa na wanafalsafa. Imetoka katika nyumba ambazo mashamba yake yalihama mkono kwa njia hizo.

Wakoloni waliongeza maneno machache kuliko inavyodhaniwa. Wajerumani waligawa rupia katika heller 100 mwaka 1904, mahali pa pesa 64, na ingawa utawala wao ulikwisha na Vita Kuu ya Kwanza, hela imebaki kuwa neno la kila siku la Watanzania. Waingereza, kupitia Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919, waliondoa rupia, wakajaribu florini kwa muda mfupi, kisha wakaleta shilingi na senti. Watu walizipokea sarafu mpya kwa hesabu ya zamani: senti 50 ziliitwa thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na nane hiyo haieleweki ndani ya shilingi moja hadi ikumbukwe reale, iliyokaribia shilingi nne.

Mwaka 1967 ulikuwa mkubwa kwa maneno haya kama ulivyokuwa mkubwa kwa mali yenyewe. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, siku iliyofuata benki za binafsi Tanzania Bara zikataifishwa, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria. Neno lililobeba mzigo mzito kuliko mengine lilikuwa bepari, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, mtu wa duka na mizani, lakini ambalo katika lugha ya siasa likawa jina la mwenye kumiliki nyenzo za uzalishaji na kuishi kwa jasho la wengine. Na kutokana nalo ukaundwa ubepari. Pembeni yake walisimama mnyonyaji, mwenye mrija, na mlanguzi, mtu anayenunua bidhaa adimu na kuiuza kwa bei ya kuumiza. Uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980 ulizidisha ukali wa maneno hayo, na operesheni ya mwaka 1983 dhidi ya uhujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilifanya sabuni na sukari zilizofichwa ziwe ushahidi wa kosa. Kwa haki inafaa kusemwa kwamba ukali huo ulitetea wanyonge waliopanga foleni tangu alfajiri. Kwa haki hiyo hiyo inafaa kusemwa kwamba kwa miaka mingi ulimfanya mtu mwenye kibanda cha chumvi na viberiti aone aibu kujiita mfanyabiashara.

Milango ya benki binafsi ilipofunguliwa tena Tanzania kwa sheria ya mwaka 1991, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza mauzo mwaka 1998, ilibidi yapatikane maneno mengi kwa haraka. Watafsiri waliofanikiwa ni wale waliochimba ndani. Hisa, ambayo ilikuwa fungu la mtu katika mali ya pamoja, ikawa sehemu ya umiliki wa kampuni. Ruzuku, ambayo kwa asili ni riziki anayotoa Mungu, ikawa fedha ambayo serikali hutoa ili mbolea imfikie mkulima kwa bei nafuu. Mfumuko wa bei, yaani hali ya bei kupanda kwa jumla na fedha kupungua nguvu, ulichukuliwa kutoka kufumuka, jambo linaloupata mkeka au mshono uzi unapoachia, na ni vigumu kupata lugha iliyolieleza jambo hilo vizuri zaidi, kwa kuwa mfumuko huanza mahali padogo na huendelea kwa kujivuta wenyewe. Hati fungani, waraka ambao mtoaji wake hujifunga kulipa deni na riba kwa tarehe maalumu, ni neno zuri ambalo limebaki ofisini, na lawama si ya neno.

Upande wa utafutaji wa wateja, chapa ndilo neno lenye umri mkubwa zaidi. Ni neno la Kihindi la muhuri unaopigwa juu ya kitu, likatumika kwa alama za marobota na kwa kazi ya uchapaji, na sasa linataja utambulisho mzima wa bidhaa machoni pa mteja. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilijulikana kwa maandishi Mali ya Abdulla yaliyochapwa kwenye ukingo, na mnunuzi aliyatafuta kabla hajasoma jina la kanga lenyewe. Huko ndiko kujenga chapa, kulikofanyika kabla ya kuwapo idara za masoko.

M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi mwaka 2007, ilibeba katika jina lake sarafu ile ya shaba, na mtu aliyeketi kibandani kupokea na kutoa fedha aliitwa wakala, neno la kisheria la Kiarabu la kutenda kwa niaba ya mwingine. Kabla taarifa za simu hazijazoeleka, wakala alikuwa na daftari ambamo kila muamala, yaani kila tendo la kutoa au kuweka, liliandikwa pamoja na saini ya mteja. Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, dalali ana mdogo wake, winga, kijana asiye na duka anayemfuata mgeni tangu barabarani, akamwongoza hadi kwenye bidhaa anayoitafuta na kujipatia cha juu, yaani kile kinachozidi bei ya mwenye duka. Na katika maduka hayo hayo ya jumla, mfanyabiashara wa mkoani ambaye sura yake imezoeleka huweza kupakia marobota kwenye lori la usiku bila kulipa shilingi, kwa mali kauli, na jina lake huandikwa kwa kalamu ya wino katika daftari lililoko chini ya meza.